Khanga Mdomoni

“Sikio hili halifai,” alisema Yasmini, akiiachia nyama ya sikio la Rose aliyokuwa ameiminya kwa vidole viwili.

Saluni nzima iligeuka kutazama. Yasmini alikuwa ametoboa masikio ya wasichana wengi wa Masasi, na hakuwa mtu wa kupunguza sauti.

“Nyama yenyewe kiduchu, tena imeshikana na shavu. Tundu ulilo nalo linakutosha. Nikikuongezea jingine ukaning’iniza hayo madude, litachanika mpaka chini, halafu waseme Yasmini kaharibu mtoto wa watu. Wewe vaa vipini.”

Msichana mmoja aliangua kicheko. Rose alizoa hereni zake, pete pana za Dubai zilizojaa madukani tangu bidhaa za nje ziwe ruksa, akatoka uso ukimwaka. Jumapili ndugu wa Optatus walikuwa wanakuja kutoka Mtwara kuleta posa, na alitaka wamkute msichana wa mjini hasa.

Lakini masikio yalikuwa aibu ndogo. Aibu kubwa ilikuwa nyumbani, imekaa jikoni ikichambua mchicha.

Bibi Anjelina, mama wa marehemu mama yake, alikuwa ameshuka kutoka kijiji cha Makote, juu ya uwanda wa Newala, siku chache zilizopita, kwa kuwa posa haipokelewi bila mtu wa upande wa mama. Rose hakuwa amemwona tangu utotoni. Bibi alifika amejitanda khanga mpaka chini ya pua, na hakuishusha. Alikula peke yake, kaelekea ukutani. Baba hakuuliza kitu. Yule ni mkwewe, na mkwe hatazamwi usoni.

Rose naye hakuwa na haja ya kuuliza. Juu ya khanga zilionekana chale za mashavuni, na kila mtu alijua wanawake wa rika lile kule uwandani walitobolewa mdomo wa juu, wakavishwa ndonya, kile kibao cha mviringo cha mpingo. Wengi walikuwa wameshazivua. Lililobaki ni tundu na mdomo unaoning’inia, na watoto wa Masasi walikuwa wakiwafuata nyuma sokoni wakiwaigiza.

“Mke mwenzangu, mbona umenuna?” Bibi aliuliza.

“Fundi amekataa kunitoboa. Kasema masikio yangu hayafai.”

Mikono ya Bibi iliacha mchicha. “Walikuwepo watu?”

“Saluni ilijaa. Wakanicheka.”

Bibi alimvuta karibu, akalipapasa sikio lake polepole, muda mrefu kuliko Rose alivyotarajia kwa jambo dogo kama lile. “Pole,” alisema. “Pole sana, mwanangu.”

Rose aliona ndiyo nafasi. “Bibi, naomba kitu. Jumapili, wageni wakija… hiyo khanga usiishushe. Hata kidogo.”

Alipomaliza kusema alitamani ardhi ipasuke. Bibi aliurudia mchicha wake.

“Sitaishusha,” alisema. “Usiwe na wasiwasi.”

Rose alishukuru, na usiku kucha akajichukia kwa kushukuru.

Jumapili, baada ya misa, wageni walifika. Wanaume walikaa barazani na baba. Wanawake waliingia ndani: mama yake Optatus, mwalimu, amevaa gauni la kitenge lililonyooshwa, na nyuma yake, ameshikwa mkono kama yai, bibi kizee mwenye ndonya nyeusi inayong’aa juu ya mdomo.

“Huyu ndiye mama mkubwa wetu, Bibi Cecilia,” alisema mwalimu. “Tumempitia Newala. Optatus kasema asipokuja yeye, haoi.”

Walimkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Bibi Cecilia alichekea huku na huku, ndonya ikipanda na kushuka, na hakuna aliyetazama pembeni. Rose aliamkia, “Shikamoo Bibi.”

Kwenye kona, juu ya mkeka, bibi yake mwenyewe alikuwa amejikunyata, khanga imekaza usoni. Kajificha kwa sababu mjukuu wake kamwomba ajifiche.

“Dada,” Bibi Cecilia alimwita, “sisi si rika moja? Shusha khanga tusalimiane. Hapa hakuna mwanamume.”

Bibi Anjelina alitikisa kichwa.

“Au watoto wa mjini wamekutia aibu?”

Mwalimu aligeuka akamtazama Rose. Rose alipiga magoti mbele ya bibi yake, machozi yakimtoka waziwazi.

“Ni mimi, Bibi. Mimi ndiye niliyekuambia. Nimekosa, nisamehe. Shusha, wakuone. Sisi hatukuonei aibu.”

“Hapana, Rose,” Bibi alinong’ona. “Usifanye hivyo, mwanangu.”

Lakini Rose alitaka kurekebisha kosa lake mbele ya wote walioliona. Alishika upindo wa khanga, akaushusha kwa mkono wake mwenyewe.

Chini ya pua kulikuwa na mdomo mwembamba, mfupi, laini kama wa mtoto. Haukuwa na tundu. Haukuwa na hata kovu.

Ndonya ya Bibi Cecilia ilitulia. Taratibu, kwa adabu, akageuza uso wake dirishani.

Bibi Anjelina alijifunika kwa viganja viwili. “Fundi wa ndonya alisema mdomo huu haufai,” alisema. “Mimi walinirudisha.”