Bangili ya Tunu

Miaka hiyo, mzazi aliruhusiwa kubeba maumivu ya mwanawe kwa bangili, mpaka mtoto atimize miaka kumi. Mwanaidi alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu unaotesa viungo, na mama yake, Tunu, aliyabeba yote. Muuguzi alimwasa amwachie mtoto kidogo kidogo, ayazoee. "Aumie nami nipo?" Tunu alimjibu. Yakimzidi, alijifungia jikoni akaimba kwa sauti.

Asubuhi ya siku Mwanaidi alipotimiza miaka kumi, bangili ilijizima. Adhuhuri alikuwa amejikunja mkekani, ameshika magoti.

"Mama, ni nini hiki?"

Tunu alimkanda kwa maji ya moto. Laiti angemwachia mapema japo tone la maumivu!

Mtoto alimkazia macho. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaimba?"

Kisha akakaza meno, akauanza wimbo ule ule, na Tunu hakuweza kumwitikia.