Sauti ya Ukutani

"Shoga, Mungu akulipe," Mauwa aliniambia jioni ile nilipompelekea uji. "Usingeniombea, homa hii ingenimaliza."

Mumewe alikuwa vitani Bama, kule Asia, na jeshi la Waingereza, na hapa Temeke Mauwa hakuwa na ndugu. Mwezi mzima nilikuwa nikimwambia "nakuombea", kama mtu anavyosema kwaheri. Sikuwa nimemwombea hata mara moja.

"Kila magharibi nakusikia ukutani," akasema. "Hizo Salamu Maria zenu sizijui, lakini nazisikiliza mpaka usingizi unanichukua. Ila ukisali, shoga, unakuwa na sauti ya kikongwe."

Chumba cha upande wa pili ni changu. Naishi peke yangu.

Nikaacha bakuli, nikakimbilia kwangu. Rozari ya mama ilikuwa palepale msumarini, nilipoitundika siku tulipomzika. Sikuwa nimeigusa tangu siku hiyo. Nikanyoosha mkono. Shanga zilikuwa na joto, kana kwamba zimetoka sasa hivi mkononi mwa mtu.

Adhana ya magharibi ikaisha. Mauwa akagonga ukuta wa udongo kwa kidole.

"Shoga, mbona leo umechelewa?"