Askofu Anatafuta Nyumba

Mlango wa kabati uligonga, ukanyamaza, ukagonga tena. Nje bado giza. Don Casiano alivuta blanketi hadi masikioni.

"Nimesikia, Baba Askofu. Hata majogoo bado wamelala."

Mlango ukagonga tena. Askofu, paka mweusi mwenye kola nyeupe shingoni, alikuwa akiuvuta kwa ukucha na kuuachia, huku akimtazama mzee kwa subira ya mtu anayejua atashinda. Don Casiano akapapasa kutafuta kandambili. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani hapo mjini Salto, ameshonea mameya na majaji, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumtoa kitandani alfajiri.

Jumatatu angehamia kwenye makao ya wazee. Baridi ya mwaka huu magoti yalikuwa yamemwangusha uani, na mpwa wake Mirta alikuja kutoka Montevideo, akaenda kuyaona makao, akapanga kila kitu. Mzee hakubisha. Alikubali kuiacha nyumba, cherehani yake, hata mchungwa alioupanda marehemu mkewe. Lakini makao hayakupokea mzee mwenye mnyama.

"Ningemchukua mimi, mjomba," Mirta alisema kwenye simu. "Ila mtoto na pumu yake..."

"Najua, mwanangu. Usilie. Atapata mtu."

Basi tangazo likabandikwa kwa mwoka mikate: paka mtu mzima anatafuta nyumba, anayemtaka aulize kwa Don Casiano nyuma ya kanisa, atakayechagua ni paka mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa mke wa mfamasia, na samaki wa kopo mkononi. Askofu alikula samaki wote, akaramba sahani, kisha akampa mgongo.

"Ndiyo tabia yake?" mama yule akauliza.

"Hapana, mama. Leo amejitahidi."

Akaja mwalimu kijana aliyesoma mengi juu ya paka. Alimnyanyua kwa makwapa kama mtoto wa kubatizwa. Askofu alitulia, akawaza kidogo, akamtapikia kiatuni.

"Hiyo ni salamu ya paka?"

"Hiyo ni kwaheri, mwalimu."

Usiku huo mzee alimkalisha mapajani. "Unaringa kama bibi harusi, na siku zinakwisha. Ukibaki huku peke yako, nani atakufungulia mlango?"

Jumamosi alasiri, mlango uligongwa na mama wa makamo, mnene, miguuni viatu vya mtu wa kusimama kutwa. Alijitaja jina moja tu, Zulma. Mkononi alikuwa na kikapu cha mfuniko. Hakumwita paka, hata hakumtazama. Akakaa kwenye kiti cha pembeni.

"Hicho ni chake," mzee akatahadharisha.

"Basi tutabanana."

Askofu alitoka chini ya meza. Akamzunguka, akanusa viatu, akapanda mapajani pake. Kisha akatoa kucha na kuanza kukanda soksi zake ndefu kama mtu akandaye unga, nyuzi zikikatika moja baada ya nyingine. Zulma hakutikisika.

"Mwache. Zilikuwa zimeshazeeka."

Fundi wa nguo hadanganyiki: soksi zilikuwa mpya. Mzee akatengeneza chai chungu kwenye kibuyu, akampa avute kwa mrija. Alipotaka kujaza tena, alihangaika kulifikia birika. Zulma alilisogeza karibu naye huku akiendelea kuzungumzia mvua, kama vile mkono wake haujui umefanya nini.

Kwa desturi ya huko, anayeshiba chai hurudisha kibuyu na kusema asante. Zulma alikirudisha kimya, kikajazwa, akakirudisha tena kimya. Jua likahama dirishani.

"Kwako kuna watu?" mzee aliuliza.

"Wamejaa. Na kila mmoja na kisa chake."

"Watoto?"

"Watoto hakuna."

"Huyu huamsha watu alfajiri."

"Alfajiri mimi nimeshaamka zamani." Akamkuna Askofu nyuma ya sikio. "Na wewe, Don Casiano, supu ya boga unaila?"

Swali la ajabu, lakini mzee hakutaka kumuudhi. "Naila. Isiwe na kitunguu kingi."

"Hata mimi nilikudhania hivyo."

Mzee alijua yamekwisha. Paka ameshachagua. Alijikokota chumbani, akaleta mto wa zamani alioushona kwa mabaki ya suti, akautandika kikapuni. Askofu akaingia mwenyewe, bila kuburutwa, na hilo ndilo lililomchoma mzee kuliko yote.

"Angalau ungejifanya unakataa," alimnong'oneza.

Akafunga mfuniko. Kuna jambo alikuwa amelikwepa alasiri yote, kwa kuogopa jibu. Sasa alilitoa huku macho yake yakiwa kwenye kamba ya kikapu.

"Ni mbali, unakokaa? Miguu yangu haifiki hata kwa mwoka mikate."

Zulma alisimama, akakipakata kikapu.

"Jumatatu ukishaonyeshwa chumba chako, Don Casiano, fuata korido mpaka mwisho. Mlango unaotazamana na jiko ndio wangu, mimi mpishi wa makao. Waliokatazwa kufuga ni wazee. Mpishi hakuna aliyekumbuka kumkataza." Akalifungua lango kwa kiwiko. "Njoo ututembelee. Na ukishaondoka, uje tena."