Gauni Lililoshonwa Mapema

Mwanakheri aliingia dukani ameinamisha uso, kopo tupu la chai ya kupunguza mwili amelificha chini ya kanga.

"Nimeinywa yote, sijapungua," alinong'ona. "Naomba unirudishie pesa."

Muuzaji akapaza sauti wateja wasikie. "Dada, chai haina kosa. Kosa ni huo mdomo wako usiopumzika."

Mwanakheri akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini akatoa gauni la sare ya harusi ya mdogo wake, alilomwambia fundi alishone kwa kiuno kilichoahidiwa kwenye kopo, akalitandaza mezani. Lilikuwa jembamba kama la mtoto.

Mwanamke aliyesimama nyuma yake na kopo jipya mkononi akalitazama.

"Langu bado liko kwa fundi," alisema kwa sauti ndogo. Hakulipa, wala kopo hakuliweka chini.