Kidole Kwenye Ukingo

Mteja alikuwa njiani, lakini mpwa wa kike wa mwenye duka hakuitoa lenzi jichoni.

"Umeridhika?" mjomba aliuliza. Ndiye aliyemfundisha kukagua sarafu, kabla mtoto wa jicho hajamwingia. "Nyembamba kama gamba la samaki. Kiwandani walikata madini membamba, wakayagonga hivyo hivyo. Nimemwahidi mteja sarafu yenye kosa la kuzaliwa nalo."

"Haikuzaliwa hivi, mjomba. Imelowekwa kwenye asidi."

"Acha masihara."

Aliushika mkono wa mjomba, akakiweka kidole gumba juu ya sarafu. "Ingekuwa kosa la mtambo, uso ungebaki laini. Papasa."

Kidole kilizunguka taratibu. Ukingo ulikuwa umelika pande zote, na uso ulikwaruza kama ulimi wa paka. Kilifika kwenye maandishi yaliyokonda, kikasita, kikazunguka tena, kana kwamba safari ya pili ingeleta habari njema.

Ikasikika hodi mlangoni.

"Tunaweza kumwambia hatuna hakika," mjomba alinong'ona.

"Hakika tunayo."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akamwekea sarafu kiganjani na kumfumba vidole.

"Basi mwambie wewe, mama," alisema. "Mimi nikifungua mdomo, nitaipamba."