Pakiti ya Nyuzi Nene

Miaka yote Shebe, mpiga gitaa la besi wa bendi ya mjini, alinunua nyuzi nene. Leo aliomba nyembamba.

"Za nani?" aliuliza Bi Tatu, mwenye duka.

"Za mwanangu. Anajifunza, vidole vyake bado laini."

Bi Tatu akampa gitaa la besi la dukani. "Hebu nipigie kidogo, kaka."

Shebe akabana uzi mnene. Vidole vya kushoto, vilivyokufa ganzi tangu mwezi wa mfungo, vikateleza; besi ikakoroma badala ya kunguruma. Akaubana tena, jasho likimtoka. Ikakoroma.

Bi Tatu akachukua pakiti ya nyuzi nene, akazitoa, akatia nyembamba, akaifunga vizuri.

"Wenzako wa bendi wakiuliza, umenunua zilezile."

Shebe akaipokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa mfukoni, ukipapasa noti bila kuzihisi.