Mabaka na Papa wa Chumvi

Mbwa Mabaka aliamini kwamba kimfaacho binadamu humfaa na mbwa. Basi akaiba kipande cha papa wa chumvi jikoni awapelekee wanawe.

“Umekiloweka?” akauliza kuku Shungi.

“Wivu tu huo, shoga. Binadamu anakila, mbona hadhuriki?”

“Binadamu hukiloweka kutwa, akamwaga maji mara tatu, ndipo akapika. Wewe umeiga kula tu. Chumvi hiyo itawadhuru wanao. Kama huamini, kilambe wewe kwanza.”

Mabaka akalamba. Kiu ikamshika, akamaliza maji yote ya bakuli la Shungi, kisha akakirudisha kipande hadi mlango wa jikoni.

Mwenye nyumba akakikuta kizima, na Mabaka amelala kando yake. “Mbwa mwaminifu huyu, hata papa hagusi.”

Mpaka leo Mabaka husifiwa uaminifu. Shungi, mwenye bakuli tupu, ndiye aijuaye kiu ile.